Pesa ya simu: maswali mnayouliza kila siku hapa Busia

Maswali haya yametoka kwa wauza nyanya, wauza mitumba, vijana wa boda kwa steji, wazee ambao watoto wao wako kyeyo (kazi za nje ya nchi), na mama mmoja wa rolex (chapati ya mayai) ambaye anauliza swali moja kila wiki akitumaini jibu litabadilika. Sisi kikundi cha akiba tumeandika Kiswahili sababu hapa mpakani mwa Uganda na Kenya ukiandika Kisamia basi Mteso anauliza yeye amekosa nini, na ukiandika Kiganda wote wawili wananuna. Majibu mengine marefu, mengine mafupi, inategemea na swali lenyewe.

Mimi tayari niko na pesa ya simu tangu zamani, sasa mnanihubiria nini?

Ni kweli, karibu kila mtu iko nayo. MTN walianza Machi 2009, miaka 2 tu baada ya Safaricom kuleta M-Pesa hapo ng'ambo Kenya, na leo hata mzee ambaye hajawahi kuingia benki anajua kubonyeza *165# ama *185# za Airtel. Hatuna haja ya kukufundisha kupokea pesa.

Shida iko baada ya kupokea. Meseji ikilia tu, unakimbia kwa ajenti, unatoa yote mpaka ya mwisho, unaifunga kwa leso ama unaingiza kwa soksi. Alafu unaenda dukani unalipa noti, mwenye duka jioni anabeba noti zile zile anarudisha kwa ajenti yule yule, anaziweka kwa simu, anamtumia supplaya wake wa Kikuubo kule Kampala, na supplaya naye anatoa. Pesa ni ile moja lakini inaingia na kutoka kwa simu siku nzima na kila ikitoka inapunguka. Kwa hiyo tunachowaomba ni kitu kimoja: iache ndani ya simu, na ulipie vitu ikiwa humo humo ndani. Mengine yote chini hapa ni maelezo ya hilo.

Nikitoa nakatwa kiasi gani haswa?

Unakatwa mara 2. Kwanza chaji ya kampuni, ambayo inapanda kulingana na kiasi unachotoa, na iko kwa karatasi ile ya rangi iliyobandikwa kwa kibanda cha kila ajenti, isome kabla hujatoa maana ukivuka ngazi kwa shilingi kidogo tu unalipa chaji ya ngazi ya juu. Pili kodi ya serikali, nusu ya asilimia 1, yaani 0.5, juu ya kiasi chote unachotoa.

Hii kodi ina historia yake na watu wengi wamesahau. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza ikiwa asilimia 1, na ilikuwa inakata kila mahali, ukiweka inakata, ukituma inakata, ukitoa inakata. Watu walipiga kelele, Kampala waliandamana mwezi ule ule wa Julai, wengine wakarudi kubeba noti kwa basi kama zamani, mpaka Bunge likarekebisha na kufikia Novemba 2018 ikabaki 0.5 na ikabaki kwa kutoa peke yake. Sasa angalia hapo vizuri. Kuweka haina kodi hiyo. Kutuma haina. Kulipa dukani haina. Kutoa tu ndo iko nayo. Serikali yenyewe, kwa kujua ama kwa kutojua, imetuambia tusitoe.

Hesabu ni rahisi. Mwalimu akitoa 200,000 kodi ni 1,000. Akinunua posho na maharage, mwenye duka akaweka, akamlipa mwenye mashine ya kusaga, yule akatoa, 1,000 nyingine. Mwenye mashine akamlipa mkulima noti, mkulima akaweka akamtumia mtoto Mbale, mtoto akatoa, 1,000 tena. Hiyo ni 3,000 ya kodi peke yake kwa pesa ileile, na machaji ya kampuni hatujagusa. Kama mwalimu angelipa kwa simu, mwenye duka akalipa kwa simu, mpaka mwisho, kodi ni sufuri. Kutuma kwa mtu bado kuna chaji, hatudanganyi, lakini kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kutoa.

Mimi niko na duka, nikichukua namba ya biashara nafaidika nini?

Namba ya biashara ni ile ya MoMoPay ya MTN ama ya Airtel Money Pay, ile inaandikwa kwa kibao cha njano ama chekundu na kutundikwa mlangoni. Mteja analipia huko, na kwa kawaida yeye hakatwi kitu, ndo maana anaipenda. Wewe unapata nini? Wacha tuanze na chenji. Kila mtu mwenye biashara Uganda anajua ile asubuhi mteja wa kwanza anakuja na noti ya 50,000 anataka soda na chapati, unafunga duka unazunguka mtaa mzima ukitafuta chenji, ukirudi wateja wengine 2 wameondoka. Kwa simu analipa 2,500 kamili na maneno yameisha. Hakuna peremende badala ya shilingi 100.

Alafu noti feki. Zile za 50,000 na 20,000 zinakuja jioni giza likiingia, dukani hakuna taa nzuri, mteja ana haraka. Noti feki ikishaingia kwa droo yako ni hasara yako, huwezi kuirudisha popote na ukijaribu kumpa mtu mwingine wewe ndo unageuka mhalifu.

Na kubwa zaidi kwa maoni yetu ni rekodi. Wengi wetu tunauza mwaka mzima na hatujui tumeuza ngapi. Simu inaandika kila kitu. Siku ukienda kwa sako (chama cha akiba na mikopo) kuomba mkopo na ofisa akuulize unauza kiasi gani kwa mwezi, unamwonyesha, hubuni. Kwenye kikundi chetu cha akiba wanaoweza kuonyesha mauzo yao ndo tunamaliza maneno nao haraka, wengine tunakaa nao chini ya mwembe mpaka jua linazama.

Ubaya wake pia upo. Kuhamisha pesa kutoka namba ya biashara kwenda kwa simu yako ama benki kunaweza kuwa na chaji, na masharti yanabadilika, kwa hiyo siku unasajili muulize yule kijana wa kampuni akuandikie kwa karatasi. Usikubali "hiyo ni kidogo tu, mama".

Mimi niko tayari lakini watu ninaowalipa hawataki, wanataka noti

Hapa ndo penye kazi, na ndo pameua majaribio mengi. Ukiwa peke yako unapokea kwa simu lakini kila mtu unayemlipa anataka noti, utatoa tu, huna njia nyingine. Usianze na wateja. Anza na unaowalipa. Kaa chini andika pesa yako inaenda wapi kwa wiki: mwenye nyumba, supplaya, umeme, maji, ada ya shule, boda wa kubeba mzigo, kikundi. Umeme na maji tayari vinalipika kwa simu. Ada pia, shule nyingi zimempa kila mtoto namba yake ya malipo na unalipa ukiwa nyumbani, mtoto habebi pesa kwa begi ndani ya takisi. Mwenye nyumba ukimwambia atapata tarehe 1 asubuhi bila kukufuata atakubali, wenye nyumba wanachukia kufuata watu. Anabaki supplaya na boda. Supplaya mkubwa kawaida yuko tayari kuliko unavyofikiri maana yeye ndo anaogopa kulala na noti nyingi. Boda mwambie tu, vijana wale wako na simu 2 kila mmoja.

Ukifikisha nusu ya malipo yako huko, hapo sasa waambie wateja.

Pesa yangu iko wapi kweli? Kampuni ya simu ikianguka?

Swali zuri kuliko yote na watu wanaliuliza kwa sauti ya chini kama ni matusi. Unapompa ajenti noti, namba inayoonekana kwa simu yako lazima iwe na pesa halisi iliyolala benki, kwenye akaunti ya amana ambayo imewekwa kwa ajili ya wateja. Zamani ilikuwa kwa miongozo ya Benki Kuu ya mwaka 2013, lakini tangu mwaka 2020 kuna sheria kamili ya mifumo ya malipo, na hiyo sheria ililazimisha kampuni za simu kutenganisha biashara ya pesa na biashara ya muda wa maongezi. Ndo maana sasa kuna kampuni ya MTN ya pesa peke yake na ya Airtel ya pesa peke yake, zote zikiwa na leseni ya Benki Kuu ya Uganda. Pesa yako siyo mali ya kampuni ya simu. Deni lake halipaswi kulipwa na pesa yako.

Je haijawahi kutokea shida? Imetokea. Oktoba 2020 wezi waliingia kwa mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa inaunganisha benki na simu, na kwa siku kadhaa kutuma kati ya benki na simu kukasimamishwa. Kampuni zilisema salio za wateja hazikuguswa, lakini waliokuwa wamepanga kulipa siku ile walikwama. Tunasema hivi ili mtu asije akatuambia tulificha.

Na kumbuka akiba ya miaka haikai kwa simu. Kwa simu weka ya kuzungusha. Ya kujenga nyumba peleka benki ama sako iliyosajiliwa, huko angalau inazaa kitu.

Hii si ndo Bitcoin? Kuna jamaa alituambia pesa ya kidijitali inazaa mara 2 kwa mwezi

Hapana, na huyo jamaa mkimbie.

Wazo la pesa ya kompyuta ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mmarekani mmoja David Chaum, mwaka 1982, alieleza jinsi benki inaweza kupitisha pesa ya kompyuta bila yenyewe kujua nani amemlipa nani, yaani iwe siri kama noti ilivyo siri. Akafungua kampuni DigiCash kule Amsterdam, teknolojia ikasifiwa sana, na 1998 ikafilisika. Chaum mwenyewe alieleza shida: wafanyabiashara walikuwa wachache kwa hiyo wateja hawakuona sababu, na wateja wakiwa wachache wafanyabiashara hawakuona sababu. Ukisoma jibu la supplaya hapo juu utaona ni ugonjwa ule ule, tofauti ni kwamba sisi tuna vibanda vya ajenti kila kona.

Bitcoin ilianza Januari 2009, haina benki wala kampuni nyuma yake, na mwisho zitakuwa milioni 21 tu. Bei yake inapanda na kushuka kama homa. Mtu anayeuza samaki wa Ziwa Victoria hawezi kuweka mtaji wa kesho kwenye kitu ambacho usiku mmoja kinaweza kupunguka sana. Na Aprili 2022 Benki Kuu iliandikia kampuni zenye leseni ya malipo kwamba zisisaidie watu kubadilisha hizo sarafu kuwa pesa ya simu. Kwa hiyo hata ukiwa nazo, ukiibiwa hakuna ofisi ya kulilia hapa Uganda.

Kuna Dunamiscoins pia. Watu wa Masaka na Kampala waliambiwa ni pesa ya kidijitali inayozaa haraka, wakauza ng'ombe, wakauza viwanja, wakaweka, na Desemba 2019 wakafika ofisini wakakuta imefungwa. Jina lilikuwa la kidijitali, kazi ilikuwa ya kizamani kabisa: pesa ya anayeingia leo inamlipa aliyeingia jana. Pesa ya simu tunayoisema hapa haizai. Ukiweka 10,000 kesho ni 10,000. Mtu akikuambia yake inazaa, hiyo ni biashara nyingine.

Kuna mtu amenipigia anasema ametuma kwangu kwa makosa, nirudishe?

Usirudishe kitu mpaka uangalie salio lako mwenyewe, kwa menyu, siyo kwa meseji. Huu ndo wizi unaopata watu wengi zaidi na unafanya kazi sababu sisi ni watu wa huruma. Inakuja meseji imeandikwa vizuri, umepokea 85,000 kutoka kwa fulani, baada ya dakika moja simu inalia, mama analia, ooh nilikuwa namtumia mtoto hospitali nimekosea namba moja tafadhali, na wewe kwa haraka unatuma 85,000 yako. Salio lako halikuwa limeongezeka hata shilingi. Meseji ilitoka kwa namba ya kawaida ya mtu.

Na hata kama salio limeongezeka kweli, usitume wewe. Mwambie apige 100 kwa kampuni yake, wao ndo wanarudisha. Akikataa kupiga 100 umeshajua ni nani.

Wengine wanajifanya ni wa kampuni. Umeshinda zawadi, laini yako inafungwa leo, tunaboresha usajili wako, bonyeza hii kisha ile, sasa weka namba yako ya siri. Hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote anahitaji namba yako ya siri, hata meneja mkuu. Pia kuna wale wanaenda kuchukua laini mpya yenye namba yako, simu yako inapoteza netiweki ghafla mchana kweupe wakati wenzako wote wako nayo. Ukiona hivyo usisubiri kesho, azima simu piga 100 wafunge akaunti, alafu nenda ofisi yao na kitambulisho.

Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Isiandikwe nyuma ya simu. Tumeona simu imebandikwa karatasi yenye namba ya siri kwa selotepu, na mwenyewe anajivunia eti sasa hawezi kusahau.

Mteja ananionyesha meseji kwamba ameshatuma, nimpe mzigo?

Umeiona kwa simu yako? Hapana? Basi hajatuma. Hata akiwa padri.

Nimetuma kwa namba mbaya

Piga 100 sasa hivi, kabla ya kumpigia huyo mtu, maana ukimpigia kwanza unamwambia kuna pesa na anaweza kuitoa. Kampuni ikiiwahi inaizuia. Ikishatolewa, kuipata ni mpaka mwenyewe akubali ama uende polisi. Njia bora ni kusoma jina: kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la unayemtumia. Watu wanapitisha macho tu. Kama unamtumia Nabwire na jina linasema Okello, simama hapo.

Simu yangu ni katochi, na mimi kusoma ni shida

Katochi, ile simu ndogo ya kubonyeza, inatosha kabisa, hauhitaji intaneti wala bando, ile menyu ya nyota inapitia netiweki ya kawaida. Hata pesa za msaada wa korona mwaka 2021, zile shilingi 100,000, zilitumwa kwa simu na wengi waliopokea walikuwa na katochi. Na ile milioni 1 ya PDM (mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi) siku hizi inapitia Wendi, pesa ya simu ya benki iliyokuwa PostBank na sasa inaitwa Pearl Bank, nayo inafanya kazi kwa katochi, kwa hiyo asiyejifunza atabaki kuwategemea watu wa parishi wamsomee kila kitu.

Kusoma ndo ngumu kidogo, hatupambi. Menyu inaweza kuja kwa Kiingereza na inapita haraka. Kinachosaidia watu wetu ni kujifunza hatua kama wimbo, kulipa ni namba hii, alafu hii, alafu namba ya biashara, alafu kiasi, na kufanya mazoezi na 500 mpaka vidole vijue vyenyewe. Wajue namba, basi, herufi zitafuata. Kama lazima usaidiwe, asaidie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, siyo yeyote aliyesimama karibu na kibanda. Na namba ya siri bonyeza mwenyewe. Mjukuu asipoijua hatakununulia bando za TikTok usiku.

Netiweki ikipotea? Na wakati wa uchaguzi?

Itapotea, hiyo hakuna mtu atakuahidi. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya kupiga kura, pesa ya simu ilizimwa nchi nzima pamoja na mitandao ya kijamii, watu walikuwa na salio na hawawezi kununua chumvi. Januari 2021 intaneti ikazimwa tena siku kadhaa. Kwa hiyo hatusemi utupe noti zote. Weka nyumbani ya chakula na dawa ya wiki moja, na uchaguzi ukikaribia ongeza. Ukiwa na laini 2 za kampuni tofauti, gawanya salio, kawaida moja ikianguka nyingine inasimama, na siku hizi unaweza kutuma kutoka MTN kwenda Airtel moja kwa moja.

Kwa nini ajenti ananiambia hana floti ama hana pesa?

Sababu ajenti ni mfanyabiashara kama wewe, mtaji wake umegawanyika, nusu noti kwa droo nusu namba kwa simu, hiyo ya simu ndo floti. Watu wote wakija kutoa, noti zinaisha. Siku ya mishahara na siku ya soko ndo mbaya zaidi. Wote wakija kuweka, floti inaisha. Usimtukane. Na kama ungekuwa unalipa bila kutoa usingemhitaji sana, lakini hilo tumeshasema.

Ajenti akikuambia chaji ya juu ya ile ya karatasi, huo ni wizi. Nenda kibanda kingine, viko vya kutosha.

URA (watu wa kodi) wataona pesa yangu? Na bwana yangu?

Simu inaacha alama, ndiyo, hii haifichiki kama noti na tusiwadanganye kwamba inafichika. Kampuni inajua nani amekulipa na saa ngapi. Kuna sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019, kampuni haitakiwi kutoa habari zako ovyo, lakini serikali ikifuata sheria inaweza kuzipata. Kwa muuzaji mdogo hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe: kama mauzo yako ya mwaka mzima hayazidi milioni 10, kodi ya mapato ya biashara ndogo kwako ni sufuri. Ukizidi hapo ulikuwa unadaiwa hata ukiuza kwa noti.

Kuhusu bwana, kina mama ndo wanauliza, na wanacheka wakiuliza lakini swali ni la kweli. Pesa iliyo chini ya godoro inaonekana na inachukuliwa kwa ubavu. Iliyo nyuma ya namba ya siri inahitaji mazungumzo. Futa meseji kama unahitaji, salio libaki. Wapo waliosomesha watoto hivyo na bwana mpaka leo anadhani shule ile ni ya bure.

Mikopo ya kwenye simu je?

Ipo, MoKash ilianza 2016 na zingine zimefuata. Ni ya haraka na ni ghali. Chukua kama mteja wako ana uhakika wa kulipa wiki ijayo. Usichukue ya kununua nguo za Krismasi. Hatuna mengi ya kuongeza.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, sina kitambulisho cha taifa

Tangu Agosti 2019 wakimbizi wanaruhusiwa kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi ama kwa ile karatasi ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Ajenti mwingine hajui na atakufukuza, nenda ofisi kubwa ya kampuni. Usisajili kwa jina la jirani. Jirani akigombana na wewe laini ni yake, na pesa iliyo ndani ni yake pia kwa karatasi.

Wateja wangu wanatoka upande wa Kenya

Basi uko na laini ya Safaricom mfukoni kama watu wote wa hapa. Kutoka menyu ya Uganda unaweza kutuma Kenya na pesa ikafika kwa M-Pesa, na ya Kenya ikafika kwako, lakini angalia bei ya kubadilisha iliyo ndani yake, isije ikawa mbaya kuliko ya wale vijana wa kubadilisha pesa pale mpakani. Kwa kiasi kidogo simu inashinda sababu hakuna mtu anakuhesabia noti haraka haraka ukapungukiwa 1. Kwa kiasi kikubwa linganisha kwanza.

Nikifa?

Salio ni mali yako, linarithiwa kama shamba. Familia inaenda kampuni na cheti cha kifo na karatasi za usimamizi wa mirathi, na inachukua muda. Mwambie mtu mmoja una laini zipi. Siyo namba ya siri, laini tu.

Nyinyi mnalipwa na kampuni gani?

Hakuna. Tungelipwa tungeandika kwa karatasi yenye picha za watu wanaocheka. Machaji yenyewe yanatuuma, ya kutoa ni makubwa, na kodi ya 0.5 tungefurahi iondoke kesho. Sisi ni kikundi cha akiba, tunakusanya kila Jumapili, na tulichoka kuona mweka hazina anatembea usiku na kavera (mfuko wa plastiki) la noti.

Na mama wa rolex: hapana mama, hatuwezi kukurudishia ile 30,000 uliyotuma kwa mtu wa zawadi ya pikipiki. Namba ya polisi tulikupa.